Kutoka Dodoma hadi deki ya tisa: mwongozo kamili wa safari ya meli ya kitalii kwa mtu wa bara

Shangazi yangu wa Hombolo alipoambiwa tunakwenda kulala siku nne baharini, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mwanangu, hiyo meli ina choo, au ni ya kujibana mpaka mfike?" Nilicheka sana. Kumbe kati yetu wawili ni yeye aliyekuwa anauliza maswali ya maana. Mimi wiki nzima nilikuwa natazama mabwawa ya kuogelea kwenye simu, wala sijajua pasipoti yangu inaniruhusu kupanda meli gani, inayotoka wapi.

Haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu anikalishe chini anieleze kabla sijatoa hela. Nayapanga kwa mpangilio wa kazi yenyewe ilivyo, kuanzia Dodoma hadi kurudi Dodoma.

Hatua ya kwanza: anza na pasipoti, picha baadaye

Meli ya kitalii hugusa nchi mbili, tatu au zaidi katika safari moja, na kila nchi ina mlango wake. Mwenye pasipoti ya Ulaya anachagua meli kwa uzuri. Wewe chagua kwa viza.

Safari za Mediterania zinahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na mtu wa Dodoma lazima afunge safari mpaka Dar es Salaam kuweka alama za vidole. Tena angalia njia ya meli: ikitoka eneo la Schengen, tuseme ikatia nanga Uturuki, halafu ikarudi Ugiriki, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Unatakiwa uwe na ya kuingia mara nyingi, na Uturuki nao wana masharti yao ya kuingia. Safari za Karibi zinazoanzia Miami zinataka viza ya Marekani, ambayo ada yake hairudi hata ukinyimwa.

Ndiyo maana mimi na shangazi tuliangukia Durban. Afrika Kusini humruhusu Mtanzania kuingia kwa matembezi bila viza hadi siku 90, na Msumbiji nayo haidai viza kwa ziara fupi. Wakati wa kiangazi cha kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikitoka Durban kwa safari za usiku tatu, nne au tano, zikienda Msumbiji, Pomene au Kisiwa cha Wareno karibu na Maputo, kisha kurudi palepale Durban. Kwa mtu wa Dodoma sijaona safari yenye makaratasi machache kuliko hiyo. Hata hivyo, masharti ya kuingia nchi hubadilika. Kabla ya kulipa chochote, waandikie kampuni ya meli, taja pasipoti yako ni ya Tanzania, na utunze jibu lao la maandishi.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Kama huna, ada ya pasipoti mpya ni shilingi 150,000, na hakikisha jina la kitambulisho cha NIDA na la cheti cha kuzaliwa yanafanana herufi kwa herufi. Shangazi alichelewa wiki tatu kwa sababu ya "h" moja. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa cha RITA chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja hasafiri nanyi, barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili.

Kadi ya njano nayo ibebe, hata ukiambiwa haihitajiki. Ndege yako ikiunganishia nchi yenye homa ya manjano, wataiulizia. Chanjo ichomwe siku 10 kabla ya safari au zaidi. Ukishachomwa mara moja, kadi inakufaa maisha yako yote.

Hatua ya pili: lijaribu tumbo lako

Sisi tumekulia kwenye vumbi na upepo. Bahari hatuijui, nayo haitujui. Kabla ya kutoa mamilioni, panda boti ya Dar kwenda Zanzibar. Ni kama saa mbili tu. Panda Julai au Agosti, kusi likiwa linavuma, usisubiri siku za utulivu. Ukivuka ukiwa unatafuna karanga, umefaulu. Ukivuka umekumbatia mfuko wa plastiki, bado hujashindwa: meli kubwa hutikisika kidogo kuliko boti ya mwendo kasi, lakini sasa unajua utabeba dawa gani.

Mwenye uvumilivu ajaribu Ziwa Tanganyika kule Kigoma, kama meli ipo. Na hapa nichomekee kitu ninachopenda kuwaambia wanaodai Dodoma na meli ni mbingu na ardhi: MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ililetwa Ziwa Tanganyika ikiwa vipande ndani ya masanduku, kwa reli ya kati. Kwa hiyo ilipita hapa mjini kwetu kabla haijawahi kuelea ziwani.

Hatua ya tatu: bei ya tangazo ni mlango tu

Hapa ndipo watu wanapoumia. Bei unayoiona imeandikwa kwa mtu mmoja, kwa sharti kwamba mko wawili chumbani. Ukienda peke yako unaweza kulipia karibu vitanda vyote viwili. Ndiyo sababu mojawapo ya shangazi kupata safari. Simwambii, lakini anajua.

Tupige hesabu ya mfano. Tangazo linasema dola 300 kwa mtu, usiku nne. Mko wawili: 600. Kodi na tozo za bandari, tuseme 80 kila mtu: 160. Ada ya huduma, yaani bakshishi ya wafanyakazi, kampuni nyingi hutoza kati ya dola 10 na 20 kwa mtu kwa siku. Tuchukue 15: 120. Jumla 880. Tangazo lilisema 300, wewe umefika 440 kwa kichwa na hujanywa soda. Bado nauli ya ndege, hoteli ya kabla ya kupanda, na bima.

Wakala wangu wa kwanza, hapa hapa nchini, alinitajia bei isiyo na kodi za bandari. Nilipomuuliza akasema, "Dada, hizo ni za kawaida." Za kawaida ndizo zinazotakiwa kuandikwa. Mwambie wakala akupe karatasi yenye mistari minne: tiketi, kodi za bandari, ada ya huduma, masharti ya kurudishiwa hela ukiahirisha. Akisita kwenye mstari wowote, hama.

Bima usiiruke. Kadi yako ya bima ya afya ya NHIF haina kazi katikati ya bahari, na daktari wa melini hutoza kwa bei ya kigeni. Tafuta bima ya safari inayotaja waziwazi safari za meli na gharama za kumhamisha mgonjwa hadi hospitali ya nchi kavu. Bila maneno hayo mawili, hiyo ni bima ya begi tu.

Halafu kadi ya benki. Melini hakuna M-Pesa, na fedha taslimu haitumiki madukani wala baani. Unapewa kadi ya meli ambayo ni ufunguo wa chumba, kitambulisho na pochi kwa pamoja, nayo inaunganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard. Nenda tawini kwako mapema wakuruhusu malipo ya nje ya nchi na wapandishe kikomo. Meli hushikilia kiasi fulani kama dhamana, na hela ikishikiliwa kwenye kadi ya kawaida ya benki inaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari ndipo iachiwe. Usipange kutumia hiyo hiyo kulipia teksi ya kurudia.

Chumba

Kwa kifupi: cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, na kiza chake ni kiza kweli. Mchana wa saa saba unazima taa huoni mkono wako. Cha dirisha kinafuata, kisha chenye roshani. Kwa safari ya usiku nne sioni haja ya roshani. Cha kuangalia ni mahali chumba kilipo. Chagua deki, yaani ghorofa ya meli, ya chini, na katikati ya meli, kwa sababu meli huyumba kama mbao ya kubembea: ncha ndizo zinazopanda na kushuka, katikati pametulia. Pia tazama ramani ya deki, usilale chini ya ukumbi wa disko. Sisi tulikula na kukaa deki ya tisa, tukashuka chini kulala.

Hatua ya nne: toka Dodoma mapema kuliko unavyodhani

Meli haimsubiri abiria ambaye ndege yake imechelewa. Usipange kufika Durban siku ileile ya kupanda. Kwa mtu wa Dodoma, ratiba yetu ilikuwa hivi, na nisingeipunguza: siku ya kwanza treni ya mwendokasi kutoka stesheni ya Mkonze hadi Dar, tukalala kwa ndugu. Siku ya pili ndege hadi Johannesburg, halafu Durban. Siku ya tatu mapumziko. Siku ya nne kupanda meli.

Johannesburg mjiandae: uhamiaji mnapita hapo, mizigo mnaichukua hapo, mnaikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Acha saa tatu katikati, zisipungue. Uwanja wa King Shaka uko nje ya mji wa Durban, kama kilometa 35, kwa hiyo tafuta hoteli upande wa bandarini, siyo upande wa uwanja.

Begi

Usibebe pasi, birika la umeme, mishumaa, wala ile hita ya koili ya kuchemshia maji ambayo kila mwanafunzi wa bweni anaijua. Kila kinachotoa moto kitachukuliwa getini. Nguo zenye mikunjo zitundike bafuni ukiwa unaoga maji ya moto.

Matunda mabichi hayapiti. Shangazi alifungasha kilo tatu za zabibu za shambani kwake, mavuno ya Machi, zimefungwa kwenye kanga. Nilizikuta usiku wa kuamkia treni. Tukabishana mpaka saa sita. Mwisho zikaliwa Dar, na hakuna aliyejuta. Dompo nalo, mvinyo wetu wa Dodoma, liache nyumbani, maana meli nyingi huzuia au huwekea kikomo vinywaji vya abiria.

Beba sweta. Ndani ya meli kuna kiyoyozi kinachokumbusha Dodoma ya Julai. Beba ndala, dawa zako kwenye makopo yake yenye lebo, na pilipili ya unga. Jioni moja huwa ya mavazi rasmi. Usikodi suti: kitenge kilichoshonwa vizuri au kanzu safi inatosha kabisa. Shangazi alipigwa picha na watu asiowajua hadi akachoka.

Na hili lishike: siku ya kupanda unakabidhi begi kubwa, nalo linaweza kuletwa chumbani jioni. Pasipoti, dawa, miwani, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya tano: ving'ora saba vifupi, kimoja kirefu

Kabla meli haijaondoka utaitwa kwenye zoezi la usalama. Usilitoroke, hata ukiona wenzako wako baani.

Najua hofu iliyomo majumbani mwetu. Nilipomwambia mama mzazi, alikaa kimya, kisha akasema neno moja tu: "Bukoba." Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, haijasahaulika, na baada ya hapo zikaja Spice Islander mwaka 2011, na MV Nyerere mwaka 2018. Sikumpa maneno matamu. Nilimwambia nilichojifunza: Costa Concordia ilipogonga mwamba pale Giglio, Italia, Januari 13, 2012, watu 32 walikufa, na abiria wengi waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi hilo. Tangu hapo zoezi hufanywa kabla meli haijaondoka au ikiwa ndiyo kwanza inaondoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma herufi ya kituo chako cha kukusanyikia kwenye kadi. Tembea kwa miguu kutoka chumbani hadi hapo, bila lifti, ukihesabu milango. Sisi tulihesabu milango kumi na minne na ngazi mbili. Kengele yenyewe ni milio saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Rudini chumbani mfungue kabati muone maboya ya kuvaa yako wapi. Shangazi alilivaa lake, akajitazama kwenye kioo, ndipo akakubali kulala.

Na kama hujui kuogelea, usimtegemee mlinzi wa bwawa. Meli nyingi hazimweki.

Hatua ya sita: simu na saa

Meli ikishaondoka pwani, simu yako inaweza kunasa mtandao wa melini unaopitia satelaiti, na bei yake haina undugu na bando lako. Mimi nilisahau dakika ishirini tu, WhatsApp ikapakua picha za harusi ya Singida, salio lote likaenda. Weka simu hali ya ndege kabla kamba hazijafunguliwa. Ukihitaji intaneti, nunua kifurushi cha waifai cha melini, tena kabla ya safari ndicho huwa nafuu. Au waage watu, uwaambie utapatikana Jumatatu.

Saa ndiyo iliyotaka kututoa roho. Kwanza, Durban na Maputo ziko nyuma ya Dodoma kwa saa moja. Pili, inayofuatwa ni saa ya meli, siyo ya simu wala ya mji. Tatu, na hili halimo kwenye mwongozo wowote wa Kizungu, sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili.

Tulishushwa Kisiwa cha Wareno kwa boti ndogo. Mfanyakazi akasema kwa Kiingereza, boti ya mwisho ni "four". Shangazi aliisikia vizuri kabisa: four ni nne. Saa nne asubuhi imeshapita, basi ni saa nne ya usiku, muda upo. Mimi nilikwenda majini. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri nikatoka kumtafuta, nikamkuta chini ya kivuli, amevua viatu, anapatana bei ya capulana, kitenge cha kule, na mama wa Kimsumbiji. Hakuna lugha wanayoshirikiana zaidi ya vidole. Ameshashusha bei kwa nusu. "Kaa," akaniambia, "mbona una haraka, si mpaka saa nne?"

Tulikimbia mchangani, yeye na viatu mkononi, na capulana mbili alizolipia kwa bei yake. Tulipanda boti ya mwisho.

Kwa hiyo: kabla ya kushuka kila bandari, andika muda wa kurudi kwa kalamu kwenye kiganja, kwa Kiswahili. "16:00" iwe "saa kumi jioni". Halafu mwambie kila mzee uliyefuatana naye arudie kwa mdomo wake. Muda unaotangazwa ni wa kuwa ndani, siyo wa meli kuondoka, na meli ikikuacha, nauli ya kuifuata ni yako. Pasipoti au nakala yake isiachwe chumbani.

Jua pia kwamba nahodha anaweza kufuta kituo kizima, bahari ikiwa mbaya. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga upande ule, na kushusha watu kwa boti ndogo kunahitaji maji matulivu. Mkataba wa tiketi humpa haki hiyo. Ukienda ukiwa umeshajua, hutagombana na mtu.

Bahari ikichafuka

Usiku wa tatu niliamshwa na vitundikio vya nguo. Vilikuwa vinagonga ndani ya kabati, tak, tak, kwa mpigo mmoja, na maji ya kwenye glasi yamelala upande. Shangazi alikuwa ameketi kitandani anasali.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla, siyo baada. Cinnarizine na promethazine hupatikana maduka ya dawa ya Dodoma. Muulize mfamasia ipi inakufaa, hasa kama una presha, kisukari au ujauzito, na ujue promethazine inalaza. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia. Usikae na tumbo tupu: kula mkate mkavu au tufaha la kijani. Toka nje, simama katikati ya meli, tazama pale bahari inapokutana na mbingu. Usitazame simu. Tulikaa deki ya tisa na blanketi mpaka alfajiri, na shangazi akaona jua likitoka majini. Hakusema kitu kwa muda mrefu, naye si mtu wa kunyamaza.

Chakula

Kipo, kingi, karibu saa zote. Ugali hakuna. Nawa mikono kwa sabuni kila unapoingia bufee, kwani magonjwa ya tumbo husambaa haraka melini. Muislamu asidhani nyama ni halali kwa sababu tu si nguruwe. Zungumza na mkuu wa wahudumu jioni ya kwanza, samaki na mboga hazikosekani. Vifurushi vya vinywaji vipigie hesabu: mara nyingi watu wazima wote wa chumba kimoja hulazimika kununua, na kwa mtu anayekunywa soda mbili kwa siku ni hasara tupu.

Hatua ya mwisho: kushuka

Usiku wa mwisho utaambiwa uweke begi kubwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, lishushwe na wafanyakazi. Kabla hujalitoa, tenga nguo za kesho na viatu. Shangazi alifungasha kila kitu kwa bidii, akashuka Durban na kanga mbili, capulana begani, na ndala za hotelini.

Asubuhi hiyo pitia bili yako mstari kwa mstari kwenye runinga ya chumbani, na kama kuna kosa, nenda mapokezi kabla foleni haijawa ndefu. Ukishashuka, kudai ni barua pepe za miezi. Tiketi ya ndege ya kuondoka Durban usikate ya kabla ya saa saba mchana, na ukifika Dar usiku, lala. Treni ya asubuhi ipo, na tiketi yake inunuliwe mtandaoni kabla hujaondoka Dodoma, maana Ijumaa na Jumapili hujaa.